Moto wa Injini ya Baba

Lameki, mtoto wa baba yangu mkubwa, aliponipigia simu asubuhi kuniambia kwamba baba yake amefariki, sikusikia huzuni. Nilisikia harufu ya spiriti. Ilinijia pale pale jikoni, simu ikiwa imebanwa begani na kisu kikiwa mkononi, harufu kali na ya baridi inayopanda puani kabla hujajua umeivuta, na nyuma yake harufu ya shaba iliyopashwa moto na mafuta ya cherehani. Lameki akasema, "Dada, upo?" Nikasema nipo. Akasema wanazika Chamwino. Nikasema, "Poleni." Nilipokata simu nilikaa kitako sakafuni, na furaha moja ya zamani ikaja ikakaa nami kama paka anayeijua nyumba. Tumelelewa, sisi wa rika hili, tusimseme mtu akishakufa. Mimi huyu nitamsema.

Baba yangu alikuwa fundi kwenye karakana ya reli. Tulikaa Ihumwa, nyumba ya matofali ya kuchoma isiyopigwa lipu, karibu na njia ya treni kiasi kwamba vikombe kabatini vilijua ratiba kuliko sisi. Kwa vipande vya shaba alivyookota kwenye takataka za karakana, baba alikuwa amejitengenezea injini ya mvuke ndogo, ya kukaa juu ya meza: tangi la maji la mviringo lenye ukubwa wa kopo la maziwa, silinda moja isiyozidi kidole gumba, na gurudumu zito lililong'aa kwa kupanguswa. Chini ya tangi kulikaa jiko lake la spiriti, kisanduku cha shaba chenye mfuniko na mdomo mmoja wa kupitisha utambi. Jumapili baada ya kanisa alilitoa nje, akalijaza, akanipa kiberiti.

"Haya mama, washa."

Akiniita mama, kama akina baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao, nilijiona mrefu. Niliwasha, tukachuchumaa tukingoja. Maji yalianza kunong'ona, kisha kuguna, na baba akalisukuma gurudumu kwa kidole mara moja tu, kama mtu anayemwamsha mtoto, nalo likaenda lenyewe. Tu-tu-tu-tu. Hakuna nilichokipenda duniani kama sauti ile. Lakini upepo wa Dodoma mnaujua. Ulikuja kutoka kwenye mashamba ya zabibu ukiwa na vumbi lake, ukaulaza moto ubavuni, injini ikapungua ikasimama. Baba alicheka kwa hasira. "Injini nzima hii, moto ndio unaniangusha," alisema. "Siku moja nitautengeneza moto wa maana." Hakuwahi. Homa ilimlaza mwanzo wa masika, na masika hayakuisha akiwa hai.

Baada ya matanga ukoo ulikaa kugawa vitu vyake. Walitandika mikeka uani, vitu vikawekwa katikati: koti la mvua, baiskeli, redio, bisibisi na tupa zake, na injini. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyekuwa akivinyanyua kimoja kimoja na kutaja jina la anayepewa. Mama alikaa na wanawake, ameinamisha kichwa kilichofungwa kitambaa cheupe. Koti lilienda kwa huyu, baiskeli kwa yule. Shangazi aliinyanyua injini, akaigeuza, akasema, "Hii ni kazi ya kiume. Iende kwa Lameki." Baba mkubwa, aliyekuwa amekaa kwenye kiti peke yake kwa kuwa alikuwa mtu wa ofisini, akaitikia kwa kichwa kana kwamba anapokea chai. Mkekani kikabaki kisanduku cha shaba. Shangazi alikichungulia, akaona utambi.

"Na hiki kibatari apewe mtoto wa kike. Akasomee."

Watu wakasema vizuri, vizuri, mtoto asome. Nikapewa moto wa injini mikononi mwangu, na injini ikapakiwa kwenye gari la baba mkubwa kwenda Chamwino.

Sasa sikilizeni jinsi mtoto anavyosoma dunia. Sikudhani hata mara moja kwamba wamekosea. Mtu mzima hawezi kuona jiko la injini akasema kibatari, niliwaza. Basi wanajua wanachofanya. Niliamini kwamba baba mkubwa alikuwa amekaa na shangazi mapema wakapanga kutenga moto na injini ili isilie tena, ili mdogo wake afe mara ya pili, akae kimya kabatini kwao. Niliiona ile Jumapili yetu imekatwa vipande viwili makusudi. Nikaanza kumchukia kwa moyo wote, chuki safi iliyonyooka, na sitadanganya kwamba iliniumiza. Ilinilisha. Nilikuwa nakula uji asubuhi nikimfikiria, najiona nikikua.

Nilimwuliza mama, "Kwa nini hukusema kitu?"

"Nyamaza."

"Lakini wamechukua injini ya baba."

"Nimesema nyamaza. Unajua kiwanja hiki ni cha nani?"

Sikujua. Niliona tu kwamba mama yangu ni mwoga, au mbaya zaidi, yuko upande wao. Kila sikukuu alinivalisha gauni akanipeleka Chamwino kumwamkia baba mkubwa, akapiga goti kidogo mlangoni, akaenda moja kwa moja jikoni kuosha vyombo vya watu. Nami nilisema shikamoo yangu huku nikiitazama injini kwenye kabati la vioo, kati ya chupa za mvinyo na picha za semina.

Hapo ndipo nilipoanza kuushughulikia moto. Mpango wangu wa kwanza, naukumbuka vizuri, ulikuwa wa kuua. Nilitaka kutengeneza moto mkali kiasi kwamba Lameki akija kuuazima, kwa kuwa lazima angekuja, ungeikausha injini maji na kuyeyusha risasi ya maungio yote mpaka imwagike mezani kwao kama uji. Nilipenda kulala nikiiona picha hiyo. Ila kila mara, mwishoni, niliona pia vidole vya baba vikishika tupa, na usingizi ukakata. Basi nikabadili: moto ungekuwa mkali, lakini ungekuwa wangu, na hakuna mwingine yeyote angeweza kuuendesha.

Spiriti nilipata kwa Fundi Ramadhani, Mrangi wa Kondoa, seremala wa barabarani aliyeitumia kuchanganyia vanishi. Nilimpigia msasa miguu ya viti, naye alinimiminia kidogo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, kila siku akinung'unika kana kwamba natoa damu yake.

"Ninyi Wagogo," alisema, "kitu chochote chenye kileo mnakitafutia njia. Hii ukiinywa unapofuka, umesikia?"

"Si ya kunywa, fundi. Ya moto."

"Wenzako wanacheza rede, wewe unacheza na moto. Nani atakuoa?"

"Nitamwoa mwenye kiberiti."

Alicheka mpaka akaangusha randa. Hakuwa anajua lolote kuhusu mvuke, wala hakutaka kujua. Alitaka miguu ya viti iwe laini. Nilijifunza kwa kuungua.

Siku ya kwanza kabisa niliwasha jiko uani saa ya jua kali, nikaona hakuna kitu. Utambi mweupe, hewa tupu. Nikadhani spiriti imeharibika, nikashusha mkono kuuvuta utambi utoke kidogo, na moto ambao haukuwepo ukanishika vidole vyote. Ndivyo ilivyo spiriti juani: inawaka bila kujionyesha. Nililia nikiwa nimeingiza mkono kwenye ndoo, na katikati ya kilio nikapata heshima mpya kwa kitu kinachoweza kuwaka hivyo mbele ya macho ya watu kisionekane. Baadaye niligundua kwamba ukirusha chumvi kidogo moto unageuka manjano, unaonekana. Nikawa na chumvi mfukoni mwa sketi wakati wote, kama mpishi.

Sikuwa na injini ya kujaribia, kwa hiyo nilijaribia kopo la maji. Saa pia sikuwa nayo, niliimba. Niliweka kopo juu ya moto na kuanza wimbo wa shule ya Jumapili, nikaangalia maji yanachemka kwenye ubeti gani. Kwa moto wa baba kama alivyouacha, wimbo uliisha, nikaurudia, nikachoka. Utambi wake ulikuwa pamba iliyoshindiliwa sana. Spiriti ilishindwa kupanda. Nikautoa, nikaweka nyuzi za tambara la deki, zimelegea kidogo, na moto ukapumua. Lakini ulikuwa mmoja, mrefu, mvivu, unalamba kopo pembeni na kupotea. Nikachukua antena ya redio iliyovunjika. Antena, kama mmewahi kuzichezea, ni mabomba ndani ya mabomba. Nilikata vipande viwili vifupi, nikatoboa mfuniko wa jiko kwa msumari, nikavigongea humo vikabana. Sasa midomo ilikuwa mitatu, na mioto mitatu mifupi ya bluu ikasimama chini ya kopo kama wanakwaya. Maji yalichemka kabla sijamaliza wimbo.

Kisha jiko likaanza kutapika. Kisanduku kilipashwa na moto wake mwenyewe, spiriti ikachemka ndani, ikaruka kwa kishindo na kunichoma nyusi. Mama aliniona usoni, akasema tu, "Uombe sana usipofuke," akaingia ndani. Nililia tena, si kwa maumivu, kwa kushindwa. Jibu nililipata nikimtazama mbuzi akinyonya: mtoto wa mbuzi yuko huku, maziwa yako kule. Nikatenga. Spiriti nikaiweka kwenye kikopo cha pembeni, mbali na joto, imefungwa kitambaa kibichi, nikaileta motoni kwa bomba jembamba kabisa la antena, na maungio nikayapaka gundi ya chuma ya Fundi Ramadhani. Mfuniko wa kikopo nikautoboa kwa sindano, maana bila tundu hilo spiriti iligoma kushuka. Mwisho nikauzungushia moto ukuta wa bati la kopo la maziwa, lenye matundu chini ya kuvutia hewa. Siku hiyo upepo ulikuwa unang'oa nguo kwenye kamba. Moto haukutingishika. Maji yalichemka kwenye ubeti wa kwanza, na mimi nikiwa peke yangu uani nikasema kwa sauti, "Haya, baba mkubwa."

Lameki alikuja kabla ya kipaimara chake. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo, mwenye viatu vya ngozi, na hakuwa mtu mbaya, hilo lilinikera.

"Nasikia una taa ya baba mdogo," alisema. "Naomba niazime."

"Ya nini?"

"Baba amewaambia wageni wa sherehe kwamba ile injini itawashwa mbele yao. Mchungaji atakuwepo, wakubwa wa ofisini kwake watakuwepo. Nimeiweka juu ya mkaa, inakohoa tu."

"Inakohoa kwa sababu haiwajui."

"Acha hizo. Nipe."

"Njoo na injini hapa, nikuwashie."

"Baba atanichinja!"

"Basi nitakuja mwenyewe na moto wangu. Mkishindwa, mniite."

Sherehe ilikuwa chini ya turubai la bluu, uani kwa baba mkubwa, viti vya plastiki vimejaa mpaka kwenye banda la kuku. Shangazi alikaa mbele akigawa salamu yetu ya Kigogo, "Mbukwenyi", kwa kila aliyeingia. Mama alikuwa jikoni, kwenye sufuria za pilau. Baba mkubwa alikuwa amevaa suti, akaleta injini kwa mikono yake, akaiweka kwenye meza ya kitambaa cheupe iliyotolewa nje ya turubai, juani, ili kila mtu aone.

"Wageni wangu," alisema, "kwenye ukoo wetu akili haikuanza leo. Hii ni injini ya marehemu mdogo wangu, aliitengeneza kwa mikono yake. Leo kijana wangu atawaonyesha."

Lameki akasukuma kikaango cha makaa chini yake. Moshi ulipanda. Masizi yalishuka kwenye kitambaa cheupe, moja moja, kama inzi wanaochagua pa kutua. Injini ilikohoa mara moja ikanyamaza. Mwenzake mmoja wa ofisini, mwenye tumbo na soda, akasema, "Mzee, treni yako imegoma. Tupige simu stesheni?" Turubai zima likacheka. Baba mkubwa naye alicheka, kwa meno tu. Lameki akamnong'oneza. Baba mkubwa akanitafuta kwa macho, akaniona karibu na nguzo nikiwa na kikapu changu.

"Mama, hebu njoo. Kumbe hicho kibatari ulichopewa ni cha hii mashine?"

Alisema hivyo kwa mshangao wa kweli. Niliutazama uso wake vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeusoma kwa mwaka mzima, na hapakuwa na ujanja wowote ndani yake. Hakuwa amepanga kitu. Hakuwa amemuua baba mara ya pili. Hakuwa hata ameangalia alichokuwa anachukua. Ningedhani chuki yangu ingepungua hapo. Ilipanda mpaka masikioni. Angalau ningekuwa nachukiwa! Kumbe tulikuwa takataka za mkekani tu, wa kupewa hiki na kunyang'anywa kile huku mtu akiwaza chai.

Nikaondoa makaa. Nikapangusa tangi kwa gauni langu. Nikalipanga jiko, kikopo pembeni, ukuta wa bati, nikawasha kiberiti, nikasimama nyuma. Jua lilikuwa utosini. Chumvi nilikuwa nayo mfukoni, nikaiacha ikae.

"Mbona hakiwaki?" akauliza baba mkubwa.

"Umewaka, baba mkubwa."

"Uko wapi? Jamani, mnaona moto hapa?"

Wageni wakasema hawaoni.

"Umewaka, shikamoo," nikasema tena, kwa adabu yote niliyofundishwa.

Yeye si mtu wa kuambiwa na mtoto. Alikunja mkono wa suti, akageukia watu wake kama mwalimu anayeonyesha kosa ubaoni, akapitisha kiganja juu ya ukuta wa bati ili wote waone kwamba hakuna kitu. Yowe alilotoa lilikuwa la kitoto kabisa. "Mamaaa!" Aliruka, akapiga mkono kwenye paja, akapiga tena, na mwenye soda akacheka hadi soda ikamtoka puani. Na katikati ya vicheko, injini ikaguna. Nikaligusa gurudumu. Tu-tu-tu-tu. Watu wakapiga makofi, na mchungaji akanyanyuka kitini kuja kutazama kwa karibu.

Nikaiacha iende kiasi cha kila mmoja kuiona. Halafu nikavuta jiko nje, nikafunika mioto yote mitatu. Gurudumu lilizunguka kwa uzito wake, likachoka, likasimama.

"Washa tena!" akasema baba mkubwa, mkono ukiwa kwenye glasi ya maji.

"Injini hii ni ya nani?"

"We mtoto!" Shangazi alisimama. "Una adabu kweli wewe?"

"Nauliza tu, shangazi. Niwashe ya nani?"

Mchungaji alikuwa hapo hapo, na wakubwa wa ofisini, na baba mkubwa alikuwa mtu wa kupenda kuonekana ana ukoo. Akasema kwa sauti ya hotuba, "Si nimeshawaambia wageni? Ni ya marehemu baba yako."

"Basi nitaiwasha nyumbani kwake."

Nikaishika. Ilikuwa ya moto, ikaniuma viganja, nikaishika zaidi. Ukimpokonya yatima kitu mbele ya mchungaji, baada ya kusema kwa kinywa chako ni cha baba yake, unakuwa nani? Ndipo nikaona kitenge kinatandikwa mbele yangu mezani. Mama alikuwa ametoka jikoni, mikono ikinuka bizari. Hakumtazama mtu. Aliifunga injini kwenye kitenge chake, akaibeba kama mtoto mchanga, akasema, "Twende." Pilau lilikuwa bado motoni, halijapakuliwa.

Tulikaa kando ya barabara tukingoja gari la kurudi Ihumwa, kwenye kivuli chembamba cha bango. Mabega ya mama yalikuwa yanatetemeka. Niliogopa, nilijua nimemvunjia heshima mbele ya ukoo mzima, na nikatafuta neno la kusema.

"Mama, usilie."

Akainua uso. Hakuwa analia. Alikuwa anacheka, machozi yakimtiririka, ameuma ncha ya kitambaa cha kichwa ili sauti isitoke.

"Atatufukuza pale kiwanjani," alisema alipopata pumzi. Na kweli alitufukuza, kabla mahindi hayajakomaa, tukahamia chumba kimoja cha kupanga.

"Atatufukuza?"

"Sana tu." Akaipakata injini vizuri, akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Mimi nilikuwa dirishani, sufuria zimenizuia. Nisimulie. Anza pale alipokunja mkono wa suti."

Nikamsimulia. Nilipofika kwenye yowe akanishika goti.

"Subiri. Rudia hapo. Alilia vipi?"